Mjumbe Aliyejua Maji Yanapopita

Ukifika Ifakara ukamwambia dereva wa bodaboda akupeleke mtaani kwetu kwa jina lililoandikwa kwenye kibao, atakuuliza ni wapi huko. Mwambie "kwa Mjumbe," atawasha pikipiki bila neno. Na Mjumbe mwenyewe hata hayupo siku hizi. Yuko Mlimba kwa binti yake, anakula na kupumzika, ndivyo ninavyoambiwa, ingawa mimi siamini kwamba mzee yule anaweza kukaa mahali wiki mbili bila kuitisha kikao. Jina lake nalijua, lipo kwenye karatasi zangu za kiwanja, lakini sijawahi kumwita kwa jina hilo na sitaanza leo.

Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Kumi zenyewe ziliisha zamani. Watu walijenga, wakapangisha, wakajenga tena uani, na yeye akaendelea kuziita zote kumi zake. Hakuwa na mshahara wala muhuri. Alikuwa na filimbi, daftari la shule na sauti. Kwa vitu hivyo vitatu alituongoza tukaongozeka, sisi watu wa kila pembe: Wapogoro tulioshuka kutoka Mahenge, Wandamba wenye bonde lao, Wasukuma waliofuata malisho, manesi, mwenye duka kutoka pwani, na walimu kama mimi tunaojifanya tunajua kila kitu.

Mimi nilinunua kiwanja jirani na kwake miaka kumi na sita iliyopita. Kati yetu palikuwa na ua wa michongoma na hakuna kingine. Nilianza na vyumba viwili, nikaongeza sebule, nikaongeza baraza, mshahara wa ualimu unavyoruhusu, peke yangu na watoto wangu wawili. Nyumba ile ndiyo kitu pekee nilicho nacho duniani ambacho hakiwezi kuhamishwa shule. Basi mwaka huu walipokuja wapimaji kurasimisha makazi yetu, walisema ni lazima mtaa uachiwe njia ya maji, na ili njia ipatikane kuna jengo litabomolewa. Kwa macho yao jengo hilo lilikuwa nyumba yangu. Mtu pekee aliyebaki anayejua maji yalikuwa yanapita wapi kabla watu hawajajenga alikuwa Mjumbe. Kwa hiyo nikisema nilimpenda mzee huyu, mjue simsifii kwa sababu alinigawia mboga.

Nianze na barua zake. Kwetu ukitaka barua ya utambulisho, iwe ya benki, ya kazi au ya mtoto kwenda chuo, unaanzia kwa mjumbe ndipo uende kwa mtendaji. Kwa wajumbe wengine ni dakika mbili. Kwa huyu wetu ulikuwa mtihani. Anakuuliza, jirani yako wa kulia ni nani? Wa kushoto je? Wa mbele, na mgonjwa wao anaendeleaje? Ukikwama, hupati. "Nitakutambulishaje kwa watu," alikuwa anasema, "na wewe mwenyewe hutambuliki mlangoni kwako?"

Kuna kijana mmoja alikuwa anafanya kazi Kidatu, anakuja Jumamosi anaondoka Jumapili, akataka barua ya haraka, na hakujua hata jina la mama aliyempangisha. Mjumbe akamwambia aende akapige hodi. Kijana wa watu akazunguka na shati lake lililonyooshwa, hodi hapa, hodi pale. Shughuli ya nusu saa ikala asubuhi nzima, maana kila nyumba walimkalisha na kumpa chai. Alirudi na majina yote, na katika nyumba ya tatu alikuwa ameshamwona binti ambaye leo ni mkewe. Siku ya harusi Mjumbe alisimama kwenye maikrofoni akadai sifa zote, mpaka baba wa bibi harusi akakumbusha kwamba na yeye alihusika kidogo.

Historia ya mtaa wetu haijaandikwa popote. Ilikuwa kichwani mwake. Zamani pote hapa palikuwa majaruba ya mpunga, na yeye mpaka anaondoka aliwajua watu kwa majaruba. Hakuambii huyu amejenga kwa fulani. Anakuambia amejenga kwenye jaruba la marehemu fulani, lile lililokuwa linachelewa kukauka. Ukitembea naye kwenda relini, mwendo wa dakika kumi unakuwa saa nzima. Hapa palikuwa na kisima cha kwanza. Hapa alikaa mtu wa kwanza kuvuta umeme, na mwezi ule wote mtaa mzima ulikwenda kwake kupiga pasi, mpaka akajuta. Pale watu walipigania bomba. Nilikuwa namwambia, Mjumbe, mimi nakwenda sokoni, sijaja kusoma. Ananiambia mwalimu asiyetaka kusoma ni hatari kwa taifa.

Kila Jumamosi asubuhi filimbi ililia, na hiyo ilikuwa ya msaragambo, kazi ya mtaa mzima. Unatoka na jembe, fyekeo au ufagio, usingizi wako unauacha kitandani. Yeye tayari yuko barabarani na mswaki wa mti mdomoni, anahesabu vichwa. Shida yake kubwa ilikuwa mitaro. Takataka alisamehe, nyasi alisamehe, lakini mtu aliyeziba mtaro alipata taabu. Alikuwa na usemi wake: "Maji hayana mwenyewe, lakini yana njia yao." Bwana mmoja mkubwa wa ofisi alijenga ukuta wa uzio juu ya mtaro, ukuta mzuri wenye maua ya saruji. Mjumbe alimwendea mara saba. Hakutukana, hakutisha, alikuwa anakaa tu barazani kwake anazungumzia maji, mpaka yule bwana akabomoa kipande cha ukuta ili apate kula chakula chake kwa amani. Sisi tulishangilia. Yeye hakushangilia, na wakati ule sikujua kwa nini.

Vikao vyote vilifanyika ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichounganishwa na nyumba yake, upande wa michongoma yangu, chenye mlango wa bluu na mabenchi mawili ndani. Kilijengwa kwa msaragambo kabla mimi sijahamia, na wenyeji walikionea fahari maana mitaa mingine walikuwa wanakaa juani. Humo ndoa zilipatanishwa, mipaka ikasuluhishwa, wapangaji wakasomeana mashtaka. Kesi ninayoikumbuka zaidi ni ya bata. Wamama wawili waligombania bata kumi na mmoja, kila mmoja akiapa ni wake. Mjumbe akaamuru bata walale ofisini wiki nzima wakati anatafakari. Siku ya tatu wale wamama walikuja pamoja kulalamika kwamba bata wao wananyimwa maji. Akawauliza, bata wao, wao kina nani? Wakatazamana, wakagawana.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alipiga vita mbuzi wa kuzurura, na mbuzi wake wawili walimaliza mchicha wangu mara nne. Nilipompelekea kesi alinisikiliza vizuri, akaandika daftarini, akaniuliza kama naweza kumtambua mhusika. Nikamwambia mhusika amesimama nyuma yako, anatafuna mkeka. Akaahirisha shauri, na limeahirishwa mpaka leo. Alikataza redio za sauti kubwa, na redio yake ndiyo iliyotuamsha wote kwa taarifa ya habari. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, lakini Ramadhani ikiingia anafuturu kwa mwenye duka siku thelathini, bila kufunga hata moja. Mwenye duka akimtania kwamba anakula swaumu za watu, anajibu kwamba yeye anawasindikiza tu.

Kwenye msiba alikuwa mtu mwingine kabisa. Filimbi hailii. Kuna mama mpangaji, mgeni kutoka Uchindile, alifiwa na mtoto mchanga wiki ya pili tangu ahamie, hajamjua hata mtu mmoja. Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu akisema maneno matatu, "Kwetu kuna msiba." Hakusema kwa yule mgeni, alisema kwetu. Kufika saa nne asubuhi uwanja ulijaa, kuni zimefika, maji yamefika, wamama wamekaa na yule mwenzetu kama wamezaliwa naye. Mimi siku ile ndiyo niliamua kwamba sitahama mtaa huu, hata nikipewa nyumba ya serikali mjini Morogoro.

Na sababu ya kuhama nilikuwa nayo, tena kubwa. Nilihamia kiangazi, kiwanja kikavu, naringa. Masika ya kwanza maji yakaingia vyumbani yakafika magotini. Nafungua mlango asubuhi, Mjumbe huyu hapa na jembe na ndoo, suruali imekunjwa. Tulichota mpaka mikono ikafa ganzi, akanichimbia mtaro kuzunguka nyumba. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Kila masika hivyo hivyo, na sikumwita hata mara moja. Anafika kabla sijamaliza kunawa uso. Nilikuwa napika uji wa mchele na karanga, tunakunywa tumesimama topeni, ananiuliza habari za watoto wangu na za watoto wa shule. Nilimuuliza mbona maji yananipenda mimi, na kwake, hatua ishirini tu, hapaingii hata tone. Akasema bonde ni bonde, Mwalimu. Nami nikaridhika. Nilikuwa nawaambia watu, hata baada ya misa, kwamba wengine wana ndugu, mimi nina jirani.

Sasa wapimaji. Walikuwa vijana wenye adabu, na mashine yao ya miguu mitatu. Lakini bonde letu ni tambarare, mashine inaweza kusema hivi na maji yakaenda kule. Wakatazama alama za tope kwenye kuta zangu, mwaka juu ya mwaka, wakasema maji yenyewe yameshachagua. Njia itapita kwangu. Watarudi kesho yake, wawasikilize wazee kuhusu mkondo wa asili, halafu watapiga alama ya X. Mnaijua ile X nyekundu. Nyumba ikishapigwa X hailaliki tena.

Alasiri ile nilimwendea Mjumbe. Alikuwa amekaa nje ya ofisi na ungo mapajani, anachambua mchele, maana tangu mkewe afariki alikuwa anajipikia. Nilimwomba, na sitaficha nilichoomba: nilimwomba aseme uongo. Aseme mkondo ulikuwa unapita kule nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kusiko na nyumba ya mtu. Nilijua masika maji yangerudi kwangu tu. Hayo nilikuwa nimeyazoea, kubomolewa nisingeweza kuzoea. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, mwalimu. Yeye aliokota chuya moja, akaiweka pembeni, akasema niende nikapumzike.

Ndiyo yote aliyosema. Nilirudi kwangu nikiwa na hakika kwamba ameniuza. Nilimwita kila jina baya ninalolijua kwa Kiswahili, nikamalizia na ya Kipogoro, ambayo yanauma zaidi.

Kesho yake mtaa mzima ulikuwepo. Mjumbe alitoka na koti lake la misa na fimbo, akaanza kutembea mbele ya wapimaji, polepole, maana magoti yalikuwa yameanza kumwacha. Alianzia juu, kwenye kalvati. Akafuata mtaro mpaka ulipoishia, akaendelea pasipo na mtaro, akiuliza ardhi kwa fimbo. Alipofika usawa wa nyumba yangu nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amenipita, amesimama mbele ya mlango wa bluu wa ofisi.

"Hapa," alisema.

Mpimaji mmoja alidhani mzee amechoka, akamletea benchi. Mjumbe akakataa kukaa. Akasema hajachoka, anachosema ni kwamba maji yalikuwa yanapita hapa ilipo ofisi, yanashuka mpaka mtoni, na wao wakichimba kwenye kona ile watakuta pumba. Wakachimba. Udongo kidogo tu, halafu pumba za mpunga, nyeusi, zimeoza, zinanuka, ndoo baada ya ndoo.

Akaeleza mwenyewe, na wote tulisikia. Mwaka ule kabla sijaja watu walitaka ofisi na kiwanja hakikuwepo. Ubavuni mwa nyumba yake palikuwa na ule mkondo, na kiangazi kile ulikuwa bonde dogo kavu ambalo hata kuku alivuka. Kwenye mashine ya kukoboa palikuwa na mlima wa pumba usio na kazi. Basi Jumamosi tatu za msaragambo, watu wakiimba, walijaza mkondo kwa pumba, wakafunika na udongo, wakasimamisha chumba. Wengi walikuwa wageni, hawakujua wanafukia nini. Yeye alijua. Alijua na akapuliza filimbi, kwa sababu alikuwa anaitamani sana ile ofisi. Masika yalipokuja, maji yalikuta mlango umefungwa yakageukia kiwanja cha jirani, na wakati huo jirani nimeshakuwa mimi.

Kisha mwenye duka akavua kofia yake akasema na yeye alibeba pumba, magunia mengi. Mama mmoja akasema hata yeye. Wakaanza kusema mmoja mmoja, wale wa zamani, hata yule bwana wa ukuta wa maua akainamisha kichwa ingawa hakubeba kitu. Kijana wa wapimaji aliyeshika rangi alisitasita mbele ya mlango wa bluu. Mjumbe akamwambia apige tu, naye akapiga pale pale alipoonyeshwa. X kubwa nyekundu.

Watu walipotawanyika alikaa kwenye lile benchi, nje, mgongo kwa ofisi. Nilikwenda nikasimama mbele yake. Nilikuwa na furaha ya nyumba yangu, na nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote. Miaka kumi na sita ya tope kwenye magodoro, vitabu vya watoto wangu vimeanikwa juani, na mimi nampa shukrani na uji.

"Jana uliniomba uongo," alisema kabla sijafungua kinywa. "Uongo wenyewe nilishausema zamani, Mwalimu. Siku unanunua, nilikuwekea sahihi ya shahidi kwamba kiwanja hakina tatizo."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema mwaka wa kwanza aliogopa nitaondoka. Mwaka wa pili aliogopa mtaa utamcheka, yeye wa kubomolea watu kuta kwa ajili ya mitaro. Baada ya hapo kila masika alikuja na jembe akiwa amepania kuniambia, na kila masika nilimshukuru kabla hajaanza, na maneno yakamkwama. Alisema hayo akinitazama usoni, hakutazama chini hata mara moja, na mimi nilitamani angetazama chini ili nimkasirikie vizuri.

Nilimkasirikia, tena sana. Na nilimpenda, na hicho ndicho kilichonitesa, kwamba hasira haikupunguza mapenzi hata kidogo.

"Utanisalimia tena?" aliniuliza.

"Nitakusalimia, baba," nikasema. "Lakini si leo."

Akainua uso akaangalia jua lilipofika.

"Sawa," akasema. "Ila siku bado ndefu, Mwalimu."

Nilicheka huku nalia, nikamkasirikia zaidi kwa kunichekesha, nikaingia ndani nikafunga mlango. Ilipofika saa kumi nikafungua, nikaenda kumwamkia.